Mama Fundi na Sauti ya Mama wa Pinga

Ukimaliza kazi kwenye kompyuta yoyote ya redio yetu pale Masisi na kusimama uondoke, lazima ungesikia swali kutoka chumba cha nyuma: "Imefika?"

Hakuuliza kama umemaliza. Hakuuliza kama umehifadhi. Aliuliza kama imefika. Na ukimjibu kwamba ndiyo, Mama Fundi, mashine imeandika kuwa imekubali, alitoka na bisibisi mkononi, akakutazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa aliyeamua kujitoa hospitali, akasema, "Kukubali ni kwake. Miye nauliza kama imefika."

Tulimwita hivyo sote, Mama Fundi, hata mkurugenzi wakati wa mikutano. Wageni waliokuja kumtafuta fundi wa redio walimsalimia mlangoni, wakampita, wakaingia ndani kutafuta mwanamume. Hakuwazuia. Aliwaacha wazunguke vyumba vyote, na waliporudi mlangoni wakiwa hawajaona mtu, aliwaambia, "Sasa mumechoka, muketi, mutueleze shida."

Alikuwa mwanamke mnene, wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Kitenge chake kilikuwa na mfuko alioushona mwenyewe, na humo mlikaa bisibisi, tepu, rozari, na karanga alizokuwa akizitafuna siku nzima bila kumpa mtu. Habari za kwao hakuzisema, nasi hatukuzichimba. Tulijua tu kwamba aliingia Masisi juu ya lori la wafanyabiashara wa Butembo, akafungua kibanda cha kupiga chapa na fotokopi karibu na soko, na kwamba redio ilipoharibikiwa ikamwita siku moja, hakuondoka tena.

Redio yenyewe haikuwa kitu kikubwa. Studio moja, chumba cha habari, mnara kwenye kilima. Tulikuwa na mashine ndogo chache za kufanyia kazi, na moja kubwa iliyokaa peke yake pamoja na betri za sola katika kijumba cha matofali nyuma ya uwanja, kwa sababu mlango wa kijumba kile ulikuwa wa chuma. Waya ulipita ardhini ndani ya bomba kuunganisha zote. Mafaili yetu, matangazo, sauti, nyimbo, vyote vilikaa kwenye ile kubwa, ndani ya dosie, yaani folda, tuliyoiita dosie ya wote. Mashine ndogo zilikuwa kuukuu. Ile ya studio diski yake ilikuwa imekwisha oza, haihifadhi kitu chake mwenyewe. Kila ulichokisema pale kilipaswa kusafiri kwenye waya.

Yeye ndiye aliyenieleza jinsi kinavyosafiri, nami sikuwa nimemwuliza. Nililalamika tu kwamba mashine ni nzito.

"Ukifungua faili," alisema, "mashine yako inaenda kuomba kwa ile kubwa, inaleta vipande, inaviweka mu kashe. Ni memwari yake, umeme ukikatika inafutika yote. Mara ya pili haiendi tena kuomba, inasoma yenye iko nayo. Na ukiandika, inaandika kwanza mule mu kashe, inakuambia 'sawa', wewe unaenda kunywa chai. Kisha, ikipata nafasi, njo inatuma."

"Kumbe inatudanganya."

"Haidanganye. Ingekuwa inangoja kubwa ijibu kwa kila neno, ungelala hapa na watoto wako. Inakusaidia. Lakini kati ya kusema 'sawa' na kutuma, kuko nafasi. Mule mu nafasi njo muko hatari."

Nikamwuliza kashe ikijaa inakuwaje. Akasema vile vipande vilivyosomwa tu vinatupwa bila shida, maana asili yake ipo kwa ile kubwa na vinaweza kuletwa tena. Lakini kilichoandikwa na bado hakijatumwa, hicho hakitupwi. Mashine inakishika mpaka kubwa ikipokee.

"Na kubwa isipojibu?"

"Itaendelea kukishika."

Nilijaribu kumsaidia. Nikasema, basi ni kama mpishi anayeshika sahani mkononi, mteja hajafika. Alikunja uso. Hakupenda mifano. Padri mmoja kijana alikuja siku moja kuona mitambo, akasema kwa furaha kwamba dosie ya wote ni kama hazina ya Kanisa. Mama Fundi, ambaye hakukosa misa ya Jumapili hata mvua ya mawe ikinyesha, alimjibu, "Hapana, Padri. Ni dosie." Na mtangazaji wetu wa michezo alipopenda kusema kwamba mashine imesahau, alimkata: "Mashine haisahau na haikumbuke. Iko na umeme ao haina."

Utasema alikuwa mkali, na ni kweli, lakini ukali wake ulikuwa kwa mashine na kwa sisi tuliozitumia. Kwa watu wengine alikuwa hana ulinzi wowote. Mwanamke huyu aliyeuliza mara mbili kama sentensi moja imefika kwenye waya, alimwazima koti la mvua mtu asiyemjua njiani, na akashangaa kwa dhati isiporudi. Muuza mkaa alimwambia gunia limejaa, akaamini. Ndani mlikuwa na majani hadi katikati. Tulipomcheka alisema, "Sasa nimuulize mutu kama amefika? Amesimama mbele yangu." Funguo zake zilipotea kila juma. Mlango wa chuma wa kijumba ulifunguliwa kwa nyundo mara nyingi kuliko kwa ufunguo.

Kuna siku moja ninayotaka kuisema kabla sijafika kwenye ile ninayoiogopa.

Watu wa afya walileta tangazo la chanjo ya watoto. Kwanza ilikuwa ifanyike kwenye kanisa la Waprotestanti lililo juu kilimani. Asubuhi wakabadilisha, wakasema itafanyika chini, kwenye kituo cha afya. Katibu wetu akasahihisha tangazo kwenye mashine yake. Saa moja baadaye mtangazaji akalifungua studioni, akalisoma hewani kwa sauti nzuri, lakini alisoma lile la zamani. Mashine yake ilikuwa imelifungua jana yake, ikabaki na vipande vyake, na kwa kuwa waya ulikuwa na kidonda mahali fulani siku hiyo, haikwenda kuuliza kama kuna kitu kimebadilika. Ilisoma ilichokuwa nacho.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Akina mama walipanda kilima na watoto mgongoni, wakakuta mlango umefungwa. Mkurugenzi alitaka tusome masahihisho hewani, tukasoma, lakini wenye redio nyumbani ndio waliokuwa tayari njiani. Mama Fundi alichukua kiti cha plastiki, akapanda kilima, akakaa mlangoni mwa kanisa lile siku nzima. Kila mama aliyefika alimwambia, "Samahani, mama. Redio ilikosea. Ni kule chini." Wengine walimtukana. Mmoja alimwekea mtoto mapajani, akaketi chini akalia kwa uchovu, na Mama Fundi akamshika yule mtoto mpaka mama yake alipomaliza kulia. Alirudi jioni kitenge kimeloa, akaanza kufukua waya.

Nilimwambia halikuwa kosa lake.

"Najua," alisema. "Lakini mutu fulani alipashwa kuwa pale."

Sasa nifike kwa mama wa Pinga.

Alikuwa amelazwa hospitalini, juu yetu kidogo. Ugonjwa wake ulikuwa wa tumboni, na wauguzi walikuwa wameacha kusema atapona. Alikuwa ametoka Pinga kwa pikipiki na kwa miguu, vita vikimsukuma, na hakuwa na mtu ila mwana mmoja aliyekuwa Bisie, kwenye machimbo ya madini msituni. Mwana huyo aliwahi kuchimba kule enzi za mashimo ya mikono. Siku hizo alibeba mizigo ya wafanyabiashara kuingia na kutoka msituni. Simu yake haikupatikana. Mama akasikia kwamba redio yetu hutuma sauti za watu: tulikuwa tukizinakili kwenye flashi, dereva wa pikipiki akazipeleka Walikale, na wenzetu wa redio ya kule wakazirusha. Basi akaomba aletwe.

Wanaume wanne walimbeba kwa kipoyi, kile kiti cha miti cha kubebea wagonjwa. Ilikuwa mchana, baada ya taarifa ya habari. Tulimweka studioni, tukampa maji, nikamrekebishia kipaza sauti. Alikuwa mdogo kama mtoto ndani ya shuka la hospitali, lakini macho yake yalikuwa ya mwenye nyumba. Akasema kwa Kiswahili, pole pole:

"Dada, niko na maneno ya mutoto wangu. Ni maneno ya nyumba. Nitayasema mu Kinyanga. Nyiye wengine mutoke."

"Tutatoka, mama. Lakini lazima mtu mmoja abaki, wa mashine."

Alituangalia mmoja mmoja. Akamwonyesha Mama Fundi. "Huyu. Unasikia Kinyanga?"

"Hapana, mama. Sisikie ata neno."

"Ni vizuri. Baki."

Tukatoka. Kupitia kioo niliona midomo yake ikienda, na mkono wake mmoja ukipiga taratibu juu ya goti. Mama Fundi alikaa na visikizi masikioni, kichwa kimeinama. Waliendelea muda mrefu kuliko nilivyodhani mgonjwa yule angeweza. Mara moja mama alicheka. Mwishowe alinyamaza, akainua kidole kuashiria kwamba basi, na Mama Fundi akabonyeza, mashine ikaandika kwamba imekubali.

Kabla wabeba kipoyi hawajaondoka, nilimpa dereva mmoja wa pikipiki aliyekuwa akienda Walikale ujumbe wa mdomo: akifika, atafute mtu wa Bisie amwambie yule mwana, mama yako ameacha sauti yake kwenye redio ya Masisi. Sauti yenyewe ingekwenda na dereva wa kesho yake. Dereva akaondoka. Nafikiri alikuwa hajapita hata mto wa kwanza tuliposikia bunduki.

Sisimulii vita; wasomaji wa kwetu wanajua vinavyokuja. Watu walianza kushuka na magodoro. Tulilala chini studioni. Tulisikia wanaume uani, tukasikia mlango wa chuma unavunjwa, na sauti ya betri zinazoburutwa. Waliondoka na betri zote, na ile mashine kubwa wakaibeba pia, bila shaka wakidhani ina thamani sokoni. Sisi hawakutugusa. Mpaka leo sijui kwa nini.

Bunduki ziliposogea mbali, mkurugenzi alisema, "Tutoke sasa hivi." Kila mtu akashika alichoweza. Mama Fundi alikuwa bado ameketi mbele ya mashine ya studio. Ile ilikuwa na betri yake ndani, kwa hiyo ilikuwa haijazimika. Kwenye skrini, dirisha la kurekodia lilikuwa limekuwa la kijivu, halikubali kubonyezwa.

"Mama Fundi, twende!"

"Iko humu," alisema.

"Nini?"

"Sauti. Haikumaliza kufika. Sehemu ilitumwa, sehemu iko mu kashe. Inangoja kubwa ijibu."

"Kubwa imeibwa!"

"Najua imeibwa. Hii mashine haijue."

Alijaribu kuilaza, kama mtu anavyofunga kompyuta ili ipumzike bila kuzima. Ilikataa. Ilikuwa na kazi iliyoishikilia, haikubali kulala wala kuamka. Basi aliizima taa ya skrini, akaifunga kwenye kitenge pamoja na chaja ya gari, na alipompata mtu wa pikipiki wa kumchukua, aliunganisha nyaya za chaja kwenye betri ya pikipiki mwenyewe, mvua ikimpiga. Nilipanda nyuma yake. Njia yote hadi Sake, na kutoka pale hadi Bweremana, nilisikia moto wa mashine ile kati ya mgongo wake na kifua changu.

Bweremana tulipewa nafasi kwenye uwanja wa parokia, pamoja na familia nyingine zilizokimbia. Chini kidogo, karibu na wauza samaki, kulikuwa na nyumba ya kuchajia simu yenye sola mbili na betri. Mwenye nyumba, mzee mpole, alisikiliza hadithi nzima, akampa Mama Fundi tundu moja la umeme na benchi. Hapo ndipo mashine ilipokaa, na hapo ndipo yeye alipokaa.

Siku za kwanza nilikuwa na matumaini makubwa, kwa sababu nilimwona akifanya kazi. Aliniambia anaogopa kuipa mashine nyingine yenye jina lile lile la kubwa. "Itaenda kuuliza faili. Ile mupya itasema, siijue. Na hii itasema basi, itaitupa." Aliwapigia mafundi aliowajua Goma. Nilikuwa karibu, nikasikia majibu yao. Wa kwanza alisema, "Zima, washa tena." Wa pili alisema hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mtu anayejua sana. Walizungumza muda mrefu kwa Kinande na Kifaransa. Alimwambia ipo njia ya kuchota memwari yote kama ilivyo, halafu kutafuta sauti ndani yake kipande kwa kipande, lakini inahitaji programu ambayo lazima iwekwe kwanza, na mashine ile ilikuwa haipokei tena amri yoyote. Kama angekuja mwenyewe huenda angejaribu. Njia ilikuwa imefungwa.

"Na wewe unafikiri nini?" nilimwuliza.

"Miye sijue," alisema. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo kuhusu mashine.

Muuguzi mmoja wa hospitali alifika Bweremana baada yetu, kwa miguu. Alituambia mama wa Pinga alifariki na kwamba watu wa kanisa walimzika. Mama Fundi aliitoa rozari mfukoni, akasali, akarudi kwenye benchi. Kuanzia siku hiyo hakumpigia tena fundi yeyote. Lakini hakuondoka pia. Wauza samaki walianza kumwita mlinzi. Walimletea samaki wadogo wa sambaza wa kukaanga, wakaweka simu zao pale, wakamwuliza, "Bado?" naye akajibu, "Bado iko na moto." Alikuwa akiweka kiganja juu yake, kama anayepima homa, ingawa najua angenikemea kwa mfano huo.

Kisha ikaja mvua ambayo haikukatika. Ziwa na milima ya ng'ambo vikapotea, mawingu yakakaa juu ya paa, na sola hazikupata kitu. Mwenye nyumba alikataa simu za watu wote, akawaambia warudi jua likitoka, akaiachia ile mashine peke yake umeme wote uliobaki. Watu waligomba naye. Akasema, "Simu yako ikizima, utaiwasha. Hii hapana." Nilikwenda nikitafuta mtu mwenye jenereta. Aliyekuwa nayo hakuwa na petroli. Aliyekuwa na petroli alikuwa amevuka ziwa. Nilirudi nimeloa.

Mama Fundi alikuwa ameketi, mikono mapajani. Ilikuwa alasiri. Taa ndogo ya mashine ilikuwa nyekundu, dalili ya betri kwisha.

"Hakuna kitu tunaweza kufanya?" niliuliza.

"Hakuna, dada."

"Hata kuifungua tu, tuone?"

"Skrini itakula umeme."

Tukakaa. Mwenye nyumba alikaa nasi. Feni ya ndani ilikuwa ikizunguka kwa sauti ndogo kama nyuki kwenye chupa. Nilikuwa nimeizoea hata siisikii, na niliisikia tu iliposimama.

Mama Fundi alingoja kidogo. Halafu akafungua chaja, akaukunja waya wake vizuri, kama kawaida yake. Jua lilipotoka siku nyingine, mwenye nyumba alimwambia aiwashe tu, nani anajua. Akaiwasha. Ikawaka vizuri sana, nyepesi, kama mashine iliyopumzika. Ikauliza iko wapi ile kubwa, haikuiona, ikasema dosie haipatikani. Hakuna kingine ilichosema.

Miezi ikapita. Mimi nilipata kazi Goma, nikawa namtembelea njia ikifunguka. Alikuwa ameanza kutengeneza simu kwenye benchi lile lile. Alikuwa amekonda. Hakuwa mkali tena kwa mashine, na hilo lilinisumbua. Mteja alimwambia simu imekubali, yeye akasema "sawa" na kuirudisha. Niliwaza labda nimwambie jambo, lakini jambo gani?

Mara ya mwisho nilipokwenda, nilimkuta na mgeni. Kijana mrefu, viatu vya mpira hadi magotini, begi la mgongoni limekauka udongo wa rangi nyekundu. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, hataki kuingia na matope. Nilijua kabla hajasema. Alikuwa ametoka Bisie, akazunguka kwa upande wa Bukavu, kwa malori na kwa miguu, kwa sababu njia ya Masisi haikupitika. Alikuwa ameuliza redio ya Masisi iko wapi mpaka akafikishwa pale.

"Ni wewe njo Mama Fundi?" aliuliza.

"Njo miye."

"Mutu mumoja alikuya kule Bisie, akaniambia mama yangu aliacha sauti kwenu. Nimekuya kuisikiliza."

Niliona Mama Fundi akitafuta mahali pa kuweka mikono yake. Alimkalisha kwenye benchi. Akamweleza yote bila kuruka kitu: kubwa iliyoibwa, kashe, pikipiki, mvua. Hakulainisha. Kijana alisikiliza akitazama viatu vyake.

"Basi haiko," alisema.

"Haiko, mutoto wangu. Unisamehe."

"Lakini wewe ulikuwa pale ndani. Ulisikia."

"Nilisikia yote. Kwa masikio yangu haya. Na sikusikia kitu. Alinichagua juu sijue Kinyanga."

Kijana akatikisa kichwa, karibu atabasamu. "Njo yeye kabisa."

Nilimwambia nilichoweza: kwamba alicheka mara moja, kwamba mkono wake ulipiga gotini taratibu, kwamba alikaa wima. Alinishukuru kwa kila moja. Nilijiona namgawia makombo. Nje wauza samaki walikuwa wakiitana kwa sababu mitumbwi imerudi.

Ghafla Mama Fundi akasema, "Kuko neno moja."

Tukamgeukia.

"Alilisema mwisho, na alilirudia. Liko mu masikio yangu tangu ile siku. Sijue ni nini. Naogopa kulisema vibaya."

"Sema."

Alivua miwani, akafumba macho, akasema maneno matatu au manne ya Kinyanga. Aliyasema kama mtu anayesoma maandishi ya lugha asiyoijua, kila silabi imesimama peke yake.

Kijana akainamisha kichwa. "Rudia, Mama."

Akarudia.

Sasa alielewa, nilimwona akielewa. Akafunika uso wake kwa kofia. Sikuthubutu, lakini Mama Fundi aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Ni nini?"

"Ni vile wazee kwetu wanasemaka wakimaliza kusema," alijibu kutoka nyuma ya kofia. "Inasema: nimemaliza, nimekuachia yote."

Yote, na sisi tulikuwa na mwisho wake tu.

Kijana aliishusha kofia, akajipangusa. Halafu akamgeukia Mama Fundi, akasema kwa upole, "Lakini hapa katikati unapandisha sauti. Haipandi. Inashuka. Sikiliza." Akayasema mwenyewe.

Mama Fundi akajaribu. Kijana akatikisa kichwa, akayasema tena. Akajaribu tena. Wateja wawili walifika na simu zao, wakaona, wakasubiri nje. Alijaribu mpaka sauti ikashuka pale ilipopaswa kushuka, na kijana akafumba macho, akasema, "Njo hivyo. Sema tena."